Sigara na Kitambi: Mwongozo Kamili kwa Anayetaka Kuondokana na Vyote Viwili

Kanzu haisemi kweli. Kwa miaka sita nilivaa kanzu kila Ijumaa nikijiona niko sawa, mpaka nilipokwenda kwa fundi kushonesha suruali ya harusi ya mdogo wangu. Akanizungushia tepu kiunoni, akaitazama, akailegeza, akaizungusha tena. "Ami, arubaini na tatu." Inchi 43 ni sentimita 109. Nilikuwa nimesimama mlangoni pa duka lake, sigara mkononi, moshi nautoa nje usije ukanukia kwenye vitambaa vya watu.

Siku hizo nilikuwa navuta sigara kumi na nne kwa siku na nina kilo 96. Nikiamini, kama wanavyoamini wengi pale barazani petu Mji wa Kale, Mombasa, kwamba bila sigara ningekuwa mnene zaidi. Mwongozo huu ni wa mtu aliye pale nilipokuwa mimi: anavuta, ana kitambi, na anaogopa kwamba akiacha sigara tumbo litazidi. Hofu hiyo ina ukweli nusu. Mara ya kwanza nilijaribu kuacha vyote kwa mpigo, nikavikosa vyote. Mara ya pili nilifuata mpango huu: sigara kwanza, uzito ushikiliwe pale pale ulipo kwa miezi mitatu, kisha ndipo uteremshwe.

Kabla ya hatua: kwa nini mvutaji hutoka tumbo

Nikotini hukata hamu ya chakula na huufanya mwili uchome nguvu zaidi. Mvutaji wa pakiti nzima huchoma kalori 200 hivi za ziada kwa siku. Ndiyo maana ukiwapanga watu kwenye mizani, wavutaji kwa wastani huwa wepesi kidogo kuliko wasiovuta. Wapime kiuno sasa, mambo yanageuka. Mafuta ya mvutaji huelekea kujazana tumboni, ndani kabisa, kuzunguka ini na matumbo, na hayo ndiyo mafuta mabaya. Juu ya hayo, sigara huifanya insulini ishindwe kufanya kazi yake sawasawa. Hatari ya mvutaji kupata kisukari cha aina ya pili iko juu kwa asilimia 30 hadi 40 kuliko ya asiyevuta. Na wanaovuta sana mara nyingi huwa wazito kuliko wanaovuta kidogo, kwa sababu uvutaji mwingi huja na jamaa zake: kukaa kitako, soda, na kula usiku wa manane.

Vikikutana viwili, hesabu inakuwa kali. Watafiti waliofuatilia wakazi wa mji wa Framingham, Marekani, walitoa matokeo yao mwaka 2003: wanene waliokuwa wakivuta wakiwa na umri wa miaka 40 waliishi pungufu kwa miaka 13 hivi kuliko wenzao wa uzito wa kawaida wasiovuta. Miaka 13 ni mtoto kuzaliwa mpaka kumaliza shule ya msingi.

Hapa Kenya, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta asilimia 27 ya watu wazima wana uzito uliopita kiasi: wanawake asilimia 38.5, wanaume 17.5. Tumbaku iko kinyume. Uchunguzi wa mwaka 2014 ulikuta inatumiwa na wanaume asilimia 19.1 na wanawake 4.5. Kwa hiyo mara nyingi vitu hivi viwili havikutani kwenye mwili mmoja, vinakutana kwenye nyumba moja. Bwana anavuta, bibi ndiye mnene, na moshi na sufuria wanagawana. Kama ndivyo ilivyo kwenu, fuateni mpango pamoja. Na ewe bibi unayevuta shisha au kutia ugoro kwa siri, hesabu ni yako pia.

Hatua ya kwanza: jipime na uandike

Nunua kidaftari cha mfukoni. Usitumie simu, simu ina mambo mengi. Ukurasa wa kwanza andika namba tatu.

Ya kwanza ni kiuno. Tafuta mfupa wa nyonga kwa kidole, tafuta ubavu wa mwisho chini, weka tepu katikati yake, pumua nje kama kawaida, soma. Usivute tumbo ndani. Hapo unamdanganya nani? Hatari huanza sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke, na huwa kubwa ikifika 102 na 88. Kanuni rahisi ya kukumbuka: kiuno kisizidi nusu ya urefu wako. Mimi nina sentimita 172, nusu yake 86. Nilikuwa nimepita kwa 23.

Ya pili ni uzito gawanya kwa urefu uliozidishwa wenyewe. Kwangu: 1.72 mara 1.72 ni 2.96, na 96 ukigawa kwa 2.96 unapata 32. Kuanzia 25 uzito umezidi, kuanzia 30 ni unene unaodhuru afya na unaohitaji kushughulikiwa.

Ya tatu ni idadi ya sigara kwa siku, na saa ya ile ya kwanza. Hii ya mwisho watu huidharau, nayo ndiyo inayosema umefungwa kiasi gani. Anayewasha ndani ya nusu saa tangu kuamka amefungwa zaidi kuliko anayengoja mpaka adhuhuri, hata kama idadi yao ni moja.

Hatua ya pili: wiki moja ya kuandika kila sigara

Usiache bado. Kwa siku saba, kila unapowasha andika saa, mahali, na ulikuwa unafanya nini. Nilidhani navuta kwa sababu ya mawazo. Kidaftari kikasema vingine: sigara tano kati ya kumi na nne zilikuwa na kikombe cha kahawa tungu mkononi, tatu zilikuwa za baada ya kula, mbili za kungoja feri Likoni, na tatu za jioni na muguka, yale majani ya kutafuna ya jamii ya miraa. Mawazo yalikuwa na sigara moja tu, ile niliyovuta baada ya kuzungumza na mwenye nyumba.

Utaona pia unavyonunua. Sigara moja moja kibandani ndiyo mtego wa Mombasa. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 hairuhusu kuuza hivyo, lakini kibanda kipi hakiuzi? Ubaya wake ni kwamba unatumia pesa bila kuhisi. Jumlisha za wiki nzima uandike chini ya ukurasa.

Hatua ya tatu: pita zahanati kabla ya siku ya kuacha

Nenda upimwe presha na sukari. Presha ya 140 kwa 90 au zaidi, au sukari ya 7.0 au zaidi kabla hujatia kitu tumboni, inataka irudiwe na daktari akuone. Kama umekohoa zaidi ya wiki mbili, au unapungua uzito bila kujitahidi, sema. Upimwe kifua kikuu na mengine. Maumivu ya kifua yanayoelekea mkono au taya, jasho jembamba, pumzi kukata: hayo hayangoji miadi, hayo ni hospitali sasa hivi.

Mwambie daktari dawa zote unazotumia. Moshi wa sigara huliharakisha ini kuzivunja baadhi ya dawa, na ukiacha ghafla dawa hizo huzidi mwilini. Miongoni mwake ni theofilini ya pumu na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili. Anayejidunga insulini huenda naye akahitaji kipimo kidogo kuliko kawaida.

Kisha uliza habari za nikotini ya tiba: vibandiko na chingamu. Shirika la Afya Duniani liliviingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2009, lakini hapa kwetu si kila duka la dawa lina akiba, kwa hiyo zungukia maduka makubwa ya mjini mapema. Kwa anayevuta zaidi ya kumi kwa siku, kawaida huanza na kibandiko cha miligramu 21 kwa wiki sita, kisha 14 kwa wiki mbili, kisha 7 kwa wiki mbili. Mwenye mimba, au aliyepata shtuko la moyo karibuni, asianze bila daktari.

Kibandiko kwa joto letu kina adabu zake. Oga, jifute mkavu kabisa, kaa chini ya feni dakika chache, ndipo ubandike sehemu ya juu ya mkono mahali pasipo na nywele na ukandamize kwa kiganja. Kesho yake badilisha mahali. Mimi cha kwanza kilinidondoka ndani ya matatu kabla hatujavuka daraja la Nyali, kwa kuwa nilibandika mwili ukiwa bado na majimaji.

Chingamu nayo haitafunwi kama chingamu ya mtoto. Tafuna polepole mpaka uhisi ukali kama wa pilipili, ibane kati ya shavu na ufizi, ngoja ukali upoe, tafuna tena, nusu saa hivi. Usinywe kahawa wala soda robo saa kabla yake na wakati iko mdomoni. Uchachu huzuia nikotini isiingie. Watu wengi wanaosema haifanyi kazi waliitafuna na soda.

Ukitaka wa kuzungumza naye, laini ya bure ya NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192. Sigara za umeme na vile vifuko vya nikotini vya kuweka chini ya mdomo sivipendekezi. Nimeona vijana wa mtaani kwetu wakivishika juu ya sigara, si badala yake. Na shisha, iliyopigwa marufuku na Wizara ya Afya Desemba 2017, si njia ya kupumzikia. Maji ya kwenye chupa hupooza moshi tu, sumu inabaki.

Hatua ya nne: siku yenyewe na wiki mbili za moto

Chagua siku isiyo na harusi wala hitima. Usiku wake tupa vibiriti na vikombe vya majivu, fua shuka na mapazia yanayonuka.

Siku tatu za mwanzo ndizo mbaya kabisa: hasira, kichwa kizito, usingizi wa vipande vipande. Waambie wa nyumbani mapema. Mke wangu aliwaambia watoto, "Baba ana homa ya hasira, itapita." Kila hamu inapokuja hudumu dakika tatu mpaka tano tu. Huhitaji kuwa shujaa wa siku nzima. Unahitaji dakika tano, mara nyingi.

Sasa kahawa, maana hapa ndipo watu wa pwani tunapoangukia. Nilieleza kuwa moshi huliharakisha ini. Kafeini ni mojawapo ya vitu ini hilo linavyovivunja upesi. Ukiacha sigara, kahawa ile ile hukaa mwilini kama mara mbili ya ilivyokuwa ikikaa. Unakunywa vikombe vyako vitano vya kawaida pale kwa muuza kahawa, mikono inatetemeka, moyo unadunda, usingizi hauji, unasema "hii ni sigara inanidai." Siyo. Ni kahawa. Ipunguze iwe nusu tangu siku ya kwanza. Mimi nilihama baraza kabisa kwa mwezi mmoja. Wenzangu walidhani nimenuna. Niliporudi nilikaa upande wa upepo unakotoka na sikuzidisha vikombe viwili.

Muguka ni habari nyingine. Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir alitangaza kuupiga marufuku hapa Mombasa na jambo likaishia mahakamani. Sheria nawaachia wenyewe. Ninalojua ni kwamba muguka na sigara ni mapacha, na kwamba muguka hukuibia njaa ya jioni kisha hukulipa saa tano usiku kwa riba. Unakaa tangu alasiri na soda mbili, hujala, kisha unaingia nyumbani unamaliza sahani ya wali ya watu wawili na kulala. Sijamwona aliyeacha sigara akaendelea kukaa kwenye kikao cha muguka. Hivi viwili viache siku moja.

Mkono na mdomo vitataka kazi. Hapa jawabu ninalo na ni la bei rahisi: mswaki wa mti, huo unaouzwa nje ya misikiti. Unashikika kwa vidole viwili, unatafunika, na hauna kalori hata moja. Nilitembea nao kwenye mfuko wa shati pale palipokuwa pakiti. Vingine vilivyonifaa ni iliki mbili tatu, karafuu moja, na tango lililokatwa vipande virefu. Jihadhari na mabuyu, kashata na kachiri. Mabuyu unayaona ni matunda, lakini ile rangi nyekundu imekuja na sukari.

Hatua ya tano: zishikilie kalori mia mbili

Kwa wastani anayeacha sigara huongezeka kilo nne hadi tano katika mwaka wa kwanza, na nyingi huja miezi mitatu ya mwanzo. Kuna wanaopungua, kuna wanaopita kumi. Mara ya kwanza niliongezeka nane. Nikarudia sigara ili zitoke. Kilo zikabaki, sigara nazo zikabaki.

Kosa langu lilikuwa kutaka kukonda wakati ule ule. Nilikuwa nakula mkate mkavu na chai, njaa inachanganyika na hamu ya nikotini, nashindwa kujua ipi ni ipi. Usifanye hivyo. Lengo la miezi mitatu ni uzito usipande, basi. Na kumbuka zile kalori 200 za kila siku ulizokuwa ukichomewa na sigara: hizo ndizo za kutafuta, si zaidi.

Zipo wapi? Soda ya nusu lita ina gramu 50 na kidogo za sukari, zaidi ya kalori 200. Umeiacha, umelipa deni. Kama hunywi soda, angalia chai: vikombe vinne kwa vijiko vitatu ni vijiko kumi na viwili, karibu kalori 190. Mimi niliteremsha nusu kijiko kila wiki, na ulimi haukugoma. Ulimi wa aliyeacha sigara huanza kuonja upya, na utamu ule ule unauona umezidi.

Vyakula vyetu havina ubaya, mkono wetu ndio mzito. Mahamri na mbaazi asubuhi: mbaazi ziwe nyingi, hamri liwe moja. Mchuzi wa kupaka uungwe kwa tui la pili, kasimile iachwe kwa siku ya wageni. Samaki wa kuchoma badala ya wa kukaanga. Wali uwe robo ya sahani, samaki au kunde robo, na nusu nzima mchicha, mabenda, biringani, kachumbari. Kwenye masoko ya Marikiti na Kongowea mboga ni rahisi kuliko viazi karai vya jioni, na hapo sijatia gharama ya sigara uliyookoa. Usiruke chakula cha mchana. Njaa ya saa kumi jioni ndiyo inayokupeleka kibandani, na kibandani kuna sigara moja moja karibu na sambusa.

Tumbo pia hufunga kwa wengi wiki za mwanzo. Maji, papai na mboga za majani. Hakuna zaidi ya hapo.

Hatua ya sita: miguu

Dakika 150 kwa wiki za mwendo wa haraka, yaani nusu saa kwa siku tano. Toka baada ya swala ya alfajiri, hasa kipindi cha kaskazi. Saa tatu asubuhi jua limekwisha kuwa kali. Ukifanya kazi mjini na ukivuka Likoni, shuka feri utembee mpaka Pembe za Ndovu badala ya kupanda tuktuk. Bustani ya Mama Ngina, chini ya mibuyu, ni pazuri, ila jioni pana hila zake: watu huenda kutembea, wakaishia kukaa ukutani na sahani ya muhogo wa kukaanga. Mwenye magoti yanayouma aende ufuo wa Pirates maji yakiwa kupwa, mchanga mgumu hauumizi kama lami, au atembee ndani ya maji ya kiunoni.

Mwendo una faida nyingine: dakika kumi za kutembea hupunguza hamu ya sigara pale pale. Mimi nilikuwa nikishikwa nazunguka Ngome ya Yesu.

Hatua ya saba: mwezi wa nne, teremsha

Jipime upya. Nilikuwa nimepanda kilo mbili, 98. Sasa ndipo nikaanza kupunguza: chakula cha usiku kabla ya saa mbili, chapati Jumapili tu, mwendo dakika arubaini na tano. Nusu kilo kwa wiki inatosha, na zipo wiki ambazo haishuki kitu. Mwaka ulipotimia nilikuwa 87. Bado ni mzito kwa hesabu, lakini kiuno kilishuka sentimita kumi na moja na dawa ya presha daktari aliipunguza. Mwaka mmoja bila sigara hatari ya maradhi ya moyo inayotokana nayo hushuka kama nusu, hata ukiwa na kilo chache za ziada. Ukilazimika kuchagua kati ya kilo tano na sigara, chukua kilo.

Ramadhani

Mvutaji aliyefunga amekwisha kukaa saa kumi na tatu bila sigara, kila siku, mwezi mzima. Nusu ya kazi imefanyika, halafu adhana ya Magharibi inaiharibu. Futuru kwa tende na maji, swali, kisha ule. Sigara ya kwanza ilikuwa ikikaa kwenye pengo hilo, kwa hiyo pengo lijazwe. Kaimati na katlesi zichukuliwe kwa hesabu ya vidole vya mkono mmoja. Lakini kama Ramadhani iko miezi minane mbele, usiingoje.

Ukiteleza

Nilivuta mbili mwezi wa tano, kwenye hitima ya mama mkwe. Shemeji alinipa moja, nikaipokea bila kufikiri, na ya pili niliiomba mwenyewe. Asubuhi nilitamani kununua pakiti, kwa kuwa "si nimeshavunja?" Badala yake nilitafuna chingamu moja iliyokuwa imebaki droo, nikamwambia mke wangu, na nikampigia shemeji asinipe tena hata nikimwomba. Kwenye kidaftari niliandika tarehe, neno "hitima", na 2. Kesho yake nikaandika 0.